Kupe wa Fort Chaffee

Kupe tuliowakuta Fort Chaffee, Arkansas, mwaka 1990 hawakuwa wa kungojea. Kupe wengi hupanda kwenye ncha ya jani, hunyoosha miguu ya mbele na kusubiri mnyama apite. Hawa walikuja wenyewe. Tulitandika shuka jeupe chini ya mialoni, tukaweka katikati pande la barafu kavu, ambayo ikiyeyuka hutoa hewa ileile inayotoka puani mwa mtu, kisha tukasogea kando. Muda si mrefu majani makavu yakaanza kutikisika. Wakatoka pande zote, wengine wadogo kama pilipili manga iliyosagwa, wakilielekea lile shuka kwa kasi ambayo vijana wenzangu waliozaliwa mijini hawakuitarajia. Wawili walirudi kwenye gari.

Mimi nilichuchumaa nikawatazama. Jike la kupe hawa lina doa moja jeupe mgongoni, na kwa doa hilo na ule mwendo nikaujua ukoo wake kabla sajini hajatutajia jina. Nimekulia Kongwa, Tanzania, nyuma ya ng'ombe na mbuzi. Kule yupo ndugu yake, mkubwa zaidi, dume lake limepambwa mgongoni kwa rangi ya machungwa, naye vilevile akimnusa mnyama humkimbilia. Ndiye anayeleta maji moyo. Mbuzi aliyeshikwa na maji moyo huanza kutembea akiinua miguu juu kupita kiasi, huzunguka mahali pamoja, huanguka na kuchezesha miguu hewani mpaka akate roho. Ukimpasua unakuta mfuko wa moyo umejaa maji. Marehemu baba alikuwa akinionyesha, kisu mkononi, bila maneno mengi.

Nilifika Marekani mapema miaka ya 1980 nikiwa na cheti cha afya ya mifugo kutoka Mpwapwa. Nikasoma tena, nikapata ukaazi, nikajiunga na jeshi la akiba kama askari wa kinga ya afya. Kazi yetu ilikuwa ile isiyopigwa picha: kupima maji, kukagua majiko na vyoo, kupuliza dawa ya mbu, kukusanya wadudu. Waliposikia kwamba nimeogesha ng'ombe kwenye josho tangu utotoni, nikakabidhiwa kupe.

Kambi yenyewe ilijengwa mwaka 1941, ikapokea wakimbizi wa Vietnam mwaka 1975 na Wakuba mwaka 1980. Wakati wangu ilikuwa uwanja wa mafunzo. Vikosi viliingia msituni kupigana vita vya mazoezi, na askari katika vita hivyo hulala chini, hutambaa, hujificha kichakani bila kujikuna wala kuvua kiatu. Hakuna mtu anayejisogeza karibu na kupe kuliko huyo.

Jeshi lilikuwa na sababu ya kuangalia. Mwaka 1986 mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa ameumwa na kupe hapo hapo Arkansas aliugua vibaya, na ndani ya chembe zake nyeupe za damu wakaonekana bakteria wa jamii ya ehrlichia, ambao Marekani ilikuwa ikiwajua kama ugonjwa wa mbwa. Mwaka uliofuata, askari wa kikosi cha akiba waliofanya mazoezi New Jersey walipimwa damu, na baadhi yao wakakutwa na dalili za maambukizi hayohayo. Kwa hiyo tatizo halikuwa la mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Lilikuwa linamngoja yeyote atakayelala kwenye majani yale.

Lakini miaka ile jina lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa moja tu, la ugonjwa wa Lyme. Magazeti yaliliandika kila kiangazi. Askari akiona duara jekundu kwenye paja, anakuja hema la matibabu amekwisha kujihukumu: nina Lyme. Na duara lenyewe lilikuwepo, niliyaona mengi, mekundu pembeni na yamefifia katikati. Ila kupe huyu wa doa jeupe hasambazi Lyme. Kazi hiyo ni ya kupe mwingine, mweusi miguu, mdogo kuliko huyu, anayeshamiri zaidi kaskazini mashariki na katika majimbo yanayozunguka Wisconsin na Minnesota. Askari hakutaka kusikia maelezo hayo. Alitaka jina la ugonjwa wake, na jina alilokuwa nalo halikuwa lake. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatari: homa ikija na jina lisilo sahihi, kila mtu huacha kuitafuta.

Nataka kueleza jinsi tulivyotafuta, maana ndiyo sehemu ninayoithamini mpaka leo.

Kabla ya kuingia msituni askari walipanga foleni, mikono ya kombati imekunjwa, wakatolewa damu. Walipomaliza mazoezi wakatolewa tena. Chupa mbili kwa kila mtu, namba ileile. Ukiwa na damu ya kabla na damu ya baada, unaweza kusema kwa hakika kwamba kingamwili hizi hazikuwepo alipofika hapa, na sasa zipo. Si lazima umsubiri augue. Na kweli, katika wale ambao damu yao ilibadilika wapo waliokuwa wamemaliza mazoezi wakiwa wazima, hawakukumbuka homa wala kupe. Bila chupa ile ya kwanza, hao wasingehesabiwa kokote.

Upande wa kupe, kila asubuhi tulikokota kitambaa cheupe cha fulana nzito juu ya nyasi, hatua kadhaa, tunakipindua, tunaokota kwa kibano. Kila kichupa kiliwekewa ubua wa nyasi mbichi ili kupe asikauke, na karatasi yenye tarehe, mahali na aina ya mimea. Kapteni wetu, mtaalamu wa wadudu, alikuwa mkali sana kuhusu karatasi ile. Kupe asiye na anwani, alisema, ni uchafu tu kwenye chupa.

Kisha maabara. Kuna kipimo kimoja alichokibuni Willy Burgdorfer, mwanasayansi wa Rocky Mountain Laboratories kule Hamilton, Montana, ambacho nilikipenda kwa wepesi wake. Unamshika kupe akiwa hai, unakata ncha ya mguu mmoja, na hapo kwenye jeraha linatoka tone dogo, safi kama maji. Hiyo ndiyo damu yake. Unaligusisha kwenye kioo, unalikausha, unalipaka rangi, unaliweka chini ya hadubini. Kama ana riketsia, bakteria wa homa za madoa, utawaona wekundu juu ya kijani. Kupe mwenyewe anarudi chupani akiwa hai na miguu saba na nusu, na kesho unaweza kumpima tena.

Ila kuona wekundu hakukutosha. Kupe wa doa jeupe hubeba riketsia wake ambao hawajathibitishwa kumdhuru mtu, na Burgdorfer na wenzake walikuwa wamekwisha kuonya juu ya jambo hilo. Kwa hiyo slaidi nyingi zilizoweza kuleta taharuki kambini zilikuwa hazina neno. Na ehrlichia, aliyekuwa akiwaumiza watu, hakuonekana kwa njia hiyo hata kidogo. Ilibidi atafutwe ndani ya damu ya mtu.

Ndivyo alivyopatikana. Askari mmoja aliyekuwa Fort Chaffee mwaka ule aliugua, damu yake ikapelekwa kwenye maabara ya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, Atlanta, na Jacqueline Dawson na wenzake wakafanikiwa kuwaotesha bakteria hao katika chembe zilizotokana na mbwa. Mwaka 1991 Burt Anderson na wenzake walitangaza kwamba ni spishi mpya, wakaiita Ehrlichia chaffeensis, kwa jina la kambi yetu. Askari yule sikuwahi kumwona. Wengine wenye homa za namna ile niliwaona: kichwa kinawagonga, misuli inauma, hawataki mwanga, na karatasi za maabara zinaonyesha chembe nyeupe zimeshuka, chembe sahani zimeshuka, ini linalalamika. Wakipewa doksisaiklini mapema walikuwa wanakaa kitandani na kuomba chakula kabla siku mbili hazijaisha. Wakichelewa, ugonjwa huo huua.

Nilimwambia kapteni kwamba haya yananikumbusha maji moyo ya mbuzi. Kupe wa jamii moja, bakteria anayeingia kwenye chembe za mwili na kujificha humo, homa, maji kutoka kwenye mishipa. Hakunicheka. Alinitaka nimweleze tangu mwanzo, mbuzi anaanzaje, anaishiaje, dawa gani inafaa. Nikamwambia ni ileile, jamii ya tetrasaiklini, ukiwahi. Mwaka 2001, wataalamu walipoupanga upya ukoo wote huo kwa kufuata vinasaba, kimelea cha maji moyo kiliondolewa kwenye jina lake la zamani na kuingizwa katika jenasi ya Ehrlichia, pamoja na kile cha Fort Chaffee. Wakati huo baba alikuwa amekwisha fariki. Ningependa sana angejua kwamba kile alichokuwa akinionyesha kwa kisu kina ndugu aliyelaza askari wa Marekani.

Baada ya mwaka ule wa Fort Chaffee mengi yalifuata. Sare zikaanza kutiwa pemethrini, dawa inayomuua kupe akigusa nguo, na ngozi ikapakwa mafuta ya diti. Suruali ndani ya buti, ukaguzi wa wawili wawili jioni, kibano kwenye kila mfuko wa dawa, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja, usimchome kwa kiberiti wala kummwagia mafuta ya taa. Chanjo ya Lyme ilipitishwa Desemba 1998 na mtengenezaji akaiondoa sokoni mwaka 2002. Na mwaka 2011 ikajulikana kwamba kuumwa na huyu kupe wa doa jeupe kunaweza kumfanya mtu asipatane tena na nyama nyekundu, akila jioni anaamka usiku wa manane amevimba na pumzi zinakatika. Mwenzangu mmoja wa kikosi kile yuko hivyo sasa. Kwetu sisi tuliolelewa na ng'ombe, sijui adhabu inayozidi hiyo.

Mpwa wangu ni bwana mifugo. Mwaka 2019 aliniandikia kwenye simu: “Shikamoo mjomba. Huku watu wanatumiana kwamba jeshi la Marekani ndilo lililotengeneza Lyme. Wewe ulikuwemo. Ni kweli?” Ilikuwa Julai, Baraza la Wawakilishi la Marekani limetoka kupitisha kifungu cha kumtaka mkaguzi mkuu wa wizara ya ulinzi achunguze kama kati ya 1950 na 1975 kulikuwa na majaribio ya kugeuza kupe kuwa silaha.

Nilimjibu kwa urefu, kwa sababu swali si la kijinga. Jeshi lile kweli lilijaribu wadudu. Mwaka 1954, katika jangwa la Utah, walidondosha viroboto wasio na ugonjwa kutoka angani kuona kama watafika chini wakiwa hai na kutafuta wa kumuuma. Mpango wa silaha za vijidudu uliendelea mpaka Rais Nixon alipoukomesha mwaka 1969. Anayesema hayo hayakutokea hasemi kweli. Lakini Lyme ina umri wake. Kupe waliokusanywa Long Island katika miaka ya 1940 na kuhifadhiwa makumbusho walikutwa na vinasaba vya bakteria wake. Na yule mtu aliyegandishwa katika barafu ya milima ya Alps zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, anayeitwa Ötzi, mwilini mwake kumepatikana alama za bakteria huyohuyo. Jeshi la Marekani halikuwepo wakati huo.

Uvumi ule uliniuma kwa sababu nyingine pia. Jina la Burgdorfer ndilo lililokuwa likitajwa sana, naye alifariki mwaka 2014, na hakuna aliyesema habari zake zinazotuhusu sisi. Alikuwa Mswisi. Shahada yake ya udaktari aliifanyia Basel, na alichokisomea kilikuwa papasi wetu, Ornithodoros moubata, na jinsi anavyobeba na kupitisha bakteria wa homa ya papasi. Mwalimu wake, Rudolf Geigy, ndiye aliyeanzisha kituo cha utafiti Ifakara. Miaka 30 hivi baadaye, mwaka 1981, Burgdorfer akiwa Montana aliletewa kupe kutoka Shelter Island, New York. Alikuwa akitafuta riketsia. Katika tone la mguuni la kupe wawili akaona kitu kingine, minyoo michanga, ikamshangaza, akaamua kuwapasua tumbo aone imetoka wapi. Ndani ya utumbo akakuta vijidudu vyembamba vilivyojisokota, vya jamii ileile aliyokesha nayo ujanani. Katika kupe 126 wa kisiwa kile, 77 walikuwa navyo. Mtu asiyewahi kumpasua papasi angeweza kuvipita. Lyme ilipata chanzo chake kwa jicho lililofundishwa na ugonjwa wa nyumba za udongo za Afrika.

Na ugonjwa huo bado upo. Wenye asili ya Ugogo wanaujua. Papasi hukaa kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu ya tembe, hutoka usiku, humuuma aliyelala chini, hushiba na kurudi kabla hakujapambazuka. Anaweza kukaa muda mrefu sana bila kula, na huwarithisha watoto wake maambukizi. Homa huja siku chache, hukata, watu hushukuru Mungu, kisha baada ya wiki hurudi. Mwanamke mjamzito huharibu mimba. Mtoto mchanga hufa. Daktari Mwingereza, Dutton, aliyekuwa akiuchunguza Kongo, aliambukizwa, na mwaka 1905 ukamuua. Penisilini au tetrasaiklini huuponya, dawa za bei ya chini kabisa.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na homa ya namna hiyo, ya kwenda na kurudi. Kila mara alipewa dawa ya malaria. Alifariki akiwa na miaka minne. Sina ushahidi wa kusema ilikuwa homa ya papasi, kwa kuwa hakuna aliyemtoa tone la damu alipokuwa amepanda joto. Nimeishi na jambo hilo kwa muda mrefu, na nikiwa Fort Chaffee, nikipanga zile chupa mbili mbili za vijana wa watu, lilinijia kila siku.

Hili si la zamani. Kati ya 2007 na 2008, watafiti waliwapima wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi. Zaidi ya 520 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli kama chanzo cha homa hiyo walikuwa 14. Katika waliopimwa riketsia wa homa za madoa, ambao kupe ndio wasambazaji wakubwa, asilimia 8 walikuwa nao. Pengine kuna mzazi huko nyumbani anayesoma haya, naye alikuwa mmoja wa waliopewa vidonge visivyowahusu. Askari wa Marekani walihesabiwa kwa sababu jeshi linahitaji kujua nani ataweza kusimama kesho asubuhi. Mfugaji na mtoto wake nao wanatakiwa wasimame kesho asubuhi.

Kuna jambo moja jipya linalonitia wasiwasi. Zamani, slaidi ya damu iliyowekwa kutafuta malaria iliweza kumwonyesha mtaalamu vijidudu vya homa ya papasi, vimejisokota katikati ya chembe nyekundu, bila yeye kuvitafuta. Sasa sehemu nyingi hutumia kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole. Kipimo hicho kimeokoa maisha, sikipingi. Lakini kinajibu swali moja tu, malaria ipo au haipo, na ikiwa haipo hakuna anayepeleka jicho kwenye damu.

Mpwa wangu aliniuliza yeye, asiye daktari wa watu, afanye nini. Nilimwambia anaingia maboma mengi kuliko daktari yeyote. Akichanja ng'ombe, aulize na habari za watoto. Akisikia homa iliyokata na kurudi, aulize mgonjwa analala wapi, sakafuni au kitandani, ukuta umesiribwa au una nyufa, aandike tarehe zote mbili, ya homa ya kwanza na ya pili. Kisha amhimize mama ampeleke mtoto zahanati akiwa bado anachemka, waombe slaidi, nene na nyembamba, kabla hajameza kidonge chochote. Akanijibu usiku uleule kwamba zahanati iliyo karibu ina hadubini nzuri tu, ila taa yake imeungua tangu mwaka jana na aina hiyo haipatikani Dodoma mjini. Nimemwambia aipige picha, upande wenye maandishi, anitumie.